Paa la Kauli Moja

Nyumbani kwetu hatukuzaliwa watu wa kukubaliana. Tuko wanne, na tangu nipate akili sijaona jambo ambalo hata wawili wetu walilitazama kwa jicho moja. Baba alipofariki tulibishana pa kumzika, tukabishana chakula cha matanga, tukamaliza kwa kubishana nani atachukua koti lake la mvua, koti ambalo hakuna aliyewahi kulivaa baadaye. Kaka yetu mkubwa anafanya kazi kwenye hoteli moja ya ufuoni Kikambala, na hata akiomba chumvi utadhani anawapanga wahudumu. Dada yetu ana duka la nguo Mtwapa. Hajapata kukubali hoja ambayo hakuianzisha mwenyewe. Mdogo wetu ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kilifi. Yeye hubisha kwa kunyamaza, na huo ndio ubishi mbaya kuliko wote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili Malindi, nimepanga mtaa wa Kisumu Ndogo, na ulimi wangu waulizwe majirani.

Kwa hiyo siku tulipokubaliana juu ya paa la mama, nilijiona kama niliyeokota dhahabu.

Ilikuwa kwenye kundi letu la simu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na mdogo wetu alikuwa amempigia mama, naye mama akataja tu, kwa kupita, kwamba ameweka sufuria mbili chumbani kukinga maji. Mdogo wetu, ambaye kwa kawaida huandika maneno matatu kwa mwezi, akaandika: "Tumuwekee mama mabati." Nilingoja vita vianze. Kaka akajibu: "Hapo umenena." Dada akajibu: "Naam, tena mapema." Nami nikaandika: "Mia kwa mia." Kabla chai yangu haijapoa jambo lilikuwa limekwisha. Nikaisoma simu tena na tena, nikatabasamu peke yangu kama mchumba.

Sitaki mtu adhani tulikuwa wajinga. Sababu zetu zilikuwa nzuri. Mama anaishi bara ya Malindi, kwenye boma letu lile lile la zamani, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti. Makuti yana sifa zake, lakini kila baada ya miaka michache huoza, na panya hujenga humo, na nyoka huwafuata panya. Nyumba ya jirani mmoja ilishika moto mchana kweupe kwa cheche ya jikoni, ikabaki kuta tu. Mama alikuwa ameanza kulalamika magoti. Nani angekaa akimwacha mamake chini ya paa kama hilo, na hali watoto wanne wana kazi?

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja kwenye simu ni jinsi makuti yale yalivyokuwa yakifika juu ya nyumba.

Kwetu mtu haezeki nyumba yake peke yake. Kuna mweria, yaani kazi ya wote kwa mmoja, leo kwako kesho kwangu. Paa lako likichoka, unapeleka habari kwa wanawake wa jirani na siku inawekwa. Kila mmoja huja na mzigo wa makuti aliyoshona kwake, kisha wote hukaa uani juu ya mikeka kushona yaliyopungua. Jani linakunjwa juu ya ufito, linafungwa kwa miyaa iliyolowekwa, linafuatwa na jani jingine, hadi ufito ujae. Mwenye nyumba hupika wali wa nazi na samaki. Vijana hupanda juu kuezeka, wakipigiwa kelele na wanawake walio chini ambao wote wanajua kuezeka kuliko wao.

Na hapo mikekani ndipo mambo yote yalipokuwa yakiamuliwa. Nilipokuwa mdogo nikilala ubavuni mwa mama kwenye siku kama hizo, nilisikia ndoa zikipangwa, wagomvi wakipatanishwa, na mume fulani akisemwa hadi nikamwonea huruma. Mama alikuwa hodari wa kushona na hodari zaidi wa kusema. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu sisi tuliyamaliza yote. Lakini mwekee makuti mapajani umsikie. Kicheko chake nilikifahamu kwanza pale, mikononi mwake mkiwa na kazi.

Yote haya niliyajua. Kaka aliyajua, dada aliyajua. Tulikula wali huo utoto wetu wote. Lakini tulipokaa na simu zetu kuwaza juu ya mama, tuliona sufuria mbili na nyoka.

Tukaamua iwe siri ili tumfurahishe. Dada akamwita mama Mtwapa kwa ajili ya kupimwa macho, jambo ambalo lilikuwa la kweli pia, na akamzuia huko kwa visingizio. Sisi watatu tukaenda nyumbani. Mdogo wetu alikuja na mbao na mabati ya kijani. Kaka alichukua likizo, akavua viatu vyake vya hotelini, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe watoto nikamwona akiinua kitu kizito. Tuliezua makuti ya zamani, vumbi likatujaa hadi kwenye meno. Mimi nilipika, nilipitisha misumari, nilishika ngazi. Dada alipiga simu kila saa kuuliza tumefika wapi, huku akimwambia mama aliyekuwa karibu kwamba anaongea na mteja.

Ninachokumbuka zaidi ni furaha. Tulicheka siku zile kuliko miaka yote iliyotangulia. Kaka alipokosea kipimo, mdogo wetu alimwambia, na kaka akasema, "Haya, wewe ndiwe fundi," nami nikakaribia kudondosha sahani. Majirani walipita njiani, wakatusalimia, wakatazama juu. Mwanamke mmoja, rafiki wa mama tangu usichana wao, alisimama kitambo.

"Mwamwekea mabati?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi. Sasa atapumzika."

"Ni kweli," akasema. "Sasa atapumzika." Akaaga, akaenda zake.

Mama alirudi akiwa na miwani mipya. Tulimshusha kwenye gari tukiwa tumepanga mstari kama watoto wa shule siku ya mgeni rasmi. Alitazama paa. Likawaka jua, akainua mkono kukinga macho. Nilingoja aseme neno juu ya paa, lakini alitutazama sisi.

"Mumefanya haya pamoja?" aliuliza. "Nyinyi? Bila kugombana?"

"Kauli moja, mama," kaka akasema kwa fahari.

"Basi Mungu awabariki," mama akasema. "Nimeishi nikaliona hilo."

Tukapiga picha. Niliporudi shuleni nilikuwa na somo la misemo ya umoja na Darasa la Saba. Somo hilo nimelifundisha miaka nenda miaka rudi. Bega kwa bega. Kwa kauli moja. Lao moja. Chanda na pete. Mwanafunzi akiambiwa atunge sentensi, ataandika kwamba wanakijiji walikubaliana kwa kauli moja kuchimba kisima. Sijui ni kijiji gani hicho chenye visima vingi hivyo. Mwaka ule niliwaambia wafunge vitabu. Niliwasimulia habari za paa letu, bila haya, nikiwa mimi mwenyewe mfano wa somo. Watoto walipiga makofi.

Likizo iliyofuata nilikwenda kukaa na mama. Nyumba ilikuwa na joto la mabati mchana, na mvua ikinyesha tulilazimika kupiga kelele ili tusikizane, lakini hayo mama hakuyalalamikia, na mimi nikayaita mambo madogo. Asubuhi moja nilimkuta amevaa leso yake ya kazi, ameshika kisu kidogo cha kuchania miyaa. Yule rafiki yake wa tangu usichana alikuwa anaezekewa. Mama alikuwa ameshona mzigo wake wa makuti, umefungwa vizuri, umesimama mlangoni. Niliubeba kichwani tukaenda.

Tulipofika walimpokea kwa furaha kubwa. Mmoja akachukua mzigo. Mwingine akaingia ndani akatoka na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa leso yake, akakiweka kivulini.

"Kaa, mwenzetu. Kaa hapa upumzike."

"Nakaa mkekani," mama akasema. "Kiti cha nini?"

Rafiki yake akacheka, akamshika mkono. "Hapana, bwana. Wewe sasa huna paa la kututaka sisi. Tukikuchosha hapa, tutakurudishia nini? Wewe ni wa kukaa ukaletewa chai."

Hapakuwa na ubaya katika sauti ile. Ilikuwa heshima tupu. Kwetu ni aibu kupokea jasho la mtu ambaye hutapata siku ya kumtolea lako, na mwanamke yule aliona haya kabisa kumtumia mama. Wengine wakaitikia, wote, ndivyo, ndivyo, mwacheni mama apumzike, watoto wake wamemtendea mema. Wakanitazama mimi kwa sifa. Mama akakaa kwenye kiti.

Sijui kama mtu ambaye hajakaa mikekani ataelewa. Wanawake walikuwa chini, magoti yamegusana, na maneno yao yalikuwa ya chini, yakipita mkono kwa mkono pamoja na miyaa. Mama alikuwa juu yao, peke yake, na kikombe. Walipozungumza naye walinyanyua uso na kupaza sauti kidogo, kama unavyozungumza na mgeni. Walimwuliza habari za Mtwapa. Walimwuliza habari za macho. Walipoanza kusema mambo yenyewe, ya nani na nani, walirudi chini kwenye makuti yao na mama akawa hasikii vizuri. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la leso, vinalikunjua, vinalikunja. Niliona aibu nisiyojua niiweke wapi. Nilitamani kumwinua tuondoke, na sikumwinua.

Njiani kurudi alisema, "Wameshona vizuri." Basi.

Baada ya hapo aliitwa kila mahali, na kila mahali kiti kilikuwepo. Kisha akaanza kusema kwamba magoti yanamuuma, akawa haendi. Kila nilipopiga simu nilimkuta nyumbani, na kila mara aliniuliza kuna habari gani mjini, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa na habari. Niliwaambia wenzangu kwamba mama amepoa. Dada akasema ni umri. Kaka akasema ni umri. Mdogo wetu akasema, kwa nadra yake, huenda ni umri. Hapo pia tulikuwa tumekwisha kuwa hodari wa kukubaliana.

Ndipo siku moja mama mwenyewe akanipigia simu, jambo ambalo si kawaida yake kwa kuwa huona haya kutumia salio.

"Mwanangu, nataka jiko."

"Jiko la gesi?"

"Jiko la nje. Kibanda kidogo cha kupikia. Cha makuti." Kisha akaongeza haraka haraka, kama mtoto anayeomba ruhusa, kwamba hahitaji mengi, nguzo anazo, fito anazo, vijana wa kuchimba mashimo wapo. "Nimewaambia wenzangu pia. Wamesema Jumamosi ya baada ya mwezi kuandama."

Niliifahamu furaha ile katika sauti yake. Mimi si mjinga, nilikwisha kuona kiti. Nilielewa kwamba anatafuta paa, hata liwe dogo kama kitanda, la kumrudisha mkekani. Nililielewa jambo hilo kwa nusu saa nzima. Kisha nikaliandika kwenye kundi: mama anataka jiko la makuti, nguzo anazo, anahitaji paa.

Lo! Walivyofurahi. Kwa miezi walikuwa wakitafuta cha kumfurahishia, na hiki hapa. Kaka akaandika kwamba hotelini kwao wanaezeka vibanda vya wageni kila msimu, anamfahamu mtu anayeleta makuti yaliyokwisha kushonwa, ya daraja la kwanza, na mafundi wake. Dada akasema asingojeshwe, maskini, amezoea kupikia nje kwenye upepo. Mdogo wetu akasema atakuja kunyoosha nguzo. Wakaweka Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ile ambayo wao hawakuijua, ili mama aamke akute kazi inafanyika. Nikaanza kuandika, "Lakini mama amekwisha kupanga na wenzake." Nikasoma maneno yangu. Yalionekana madogo, tena ya kuharibu. Sisi ambao hatukuwahi kuelewana, sasa tunaelewana, na mimi niingize fujo kwa ajili ya siku mbili? Nikafuta. Nikaandika: "Sote pamoja."

Gari la makuti lilifika Alhamisi asubuhi, na kabla ya saa sita jiko lilikuwa limesimama. Lilikuwa zuri. Makuti yalikuwa mapya, yamekatwa sawasawa ukingoni kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Mama alisimama mlangoni mwa nyumba tangu mwanzo mpaka mwisho, mikono imefumbatwa chini ya leso. Kaka akamwuliza kama amependa. Akasema amependa. Akawapikia mafundi chakula kwa mchele aliokuwa ameuweka akiba, na sikuuliza akiba ya nini kwa sababu nilijua.

Wenzangu waliondoka siku ile ile. Mimi nilibaki, nikijiambia kwamba nambakia mama, na ukweli ni kwamba niliogopa Jumamosi na nikaona aibu zaidi kuikimbia.

Wanawake walikuja asubuhi, kama walivyoahidi. Mama hakuwa amewapelekea habari. Nadhani hakupata maneno ya kuwaambia. Walitokea njiani mmoja nyuma ya mwingine na mizigo ya makuti vichwani, wakizungumza, na yule rafiki yake mbele. Wakaingia uani. Wakaliona jiko.

Kisha rafiki yake akatua mzigo wake chini polepole.

"Kumbe limekwisha," akasema.

"Watoto walikuja," mama akasema.

"Ni zuri. Hasa! Hili ni la hoteli." Akageuka kwangu. "Hongereni. Mumeshikana kweli nyinyi."

Niliwaletea mikeka na chai. Walikaa, lakini mikono yao haikuwa na kazi, na mazungumzo yakakatika-katika kama ya mtu anayeota. Kila mmoja akakumbuka kwamba ana kuku, ana mjukuu, ana nguo juani. Walipoinuka, wakajitwika tena mizigo yao, maana makuti ni mali na msimu ulikuwa wa kuezeka. Mama aliwasindikiza hadi njiani. Alirudi peke yake, akaingia jikoni, akakaa kwenye mbuzi na kuanza kukuna nazi ingawa hapakuwa na wageni tena wa kuila.

Nilimfuata. Nilikaa karibu naye kwenye kigogo. Nilitaka kusema pole, nikaliacha neno hilo, kwa sababu mtu husema pole kwa msiba uliomjia mwenzake, na huu tulikuwa tumeuleta sisi kwa gari.

"Mama," nilisema mwishowe, "mbona hukutuambia? Hata siku ile ya mabati. Hata juzi, mafundi walipofika. Ungesema tu neno moja."

Aliendelea kukuna. Nazi ilianguka nyeupe kwenye sinia, safi, taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ningemwambia nani?" akasema. "Zamani mukigombana, mmoja wenu alikuwa anakuja kwangu. Wewe hasa. Unakuja hapa unalia, unaniuliza, mama, wewe wataka vipi? Ndipo nasema." Akakigeuza kifuu mkononi, akatazama ndani yake kama kimebaki kitu. "Sasa mumepatana. Hakuna anayekuja."